Kabla hujajaza majina ya shule 12: maswali ya wazazi wa Lamu

"Mwalimu, shule gani njema?"

Swali hili huulizwa forodhani, barazani baada ya Isha, na kwenye foleni ya saiba watu wakisubiri kujaziwa fomu. Mara nyingi anayeuliza ana jina tayari kichwani, anataka tu uitikie. Jina lenyewe ni la shule ya mbali yenye sifa, ambayo mtoto wa jirani alikwenda miaka kumi iliyopita na sasa ni daktari. Mimi hujibu kwa swali jingine: Jumanne ya kawaida ya wiki ya sita, saa nne asubuhi, mwanao atakuwa akifanya nini pale? Nani atakuwa mbele ya darasa? Mchana atakula nini? Akiumwa usiku, nani atamfungulia mlango? Mzazi akiweza kujibu hayo kwa shule tatu tu, jina la shule hujichagua lenyewe.

Yanayofuata yanahusu watoto wa Gredi 9 wanaojiandaa kuingia sekondari ya juu, Gredi 10 hadi 12. Kundi la kwanza liliingia Januari 2026, kwa hiyo mzazi ambaye kifungua mimba wake alipita njia ya KCPE na Form One asitegemee alichokijua wakati ule. Mengi yamebadilika.

Mkondo kwanza, shule baadaye

Kosa la kwanza ni kuanza na shule. Mfumo wenyewe unaanza na mkondo. Iko mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kila mwanafunzi ana masomo manne ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na mafunzo ya huduma kwa jamii. Juu ya hayo anachagua matatu kutoka kwenye michanganyiko iliyopangwa, na kila mchanganyiko una namba yake.

Hisabati ina sura mbili, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Anayekwenda STEM anasoma hisabati kamili. Mikondo mingine miwili imewekewa hisabati nyepesi zaidi. Mtoto anaposikia "nyepesi" hufurahi, na mama naye hupumua. Lakini mtoto huyohuyo akifika Gredi 12 na kusema anataka kozi inayodai hesabu, atakuta amejifungia mlango mwenyewe akiwa na miaka 15. Kwa hiyo anza na kazi tatu ambazo mtoto anazitaja bila kulazimishwa, kisha rudi nyuma: kazi hii inadai masomo gani? Shahada ya uuguzi inadai Biolojia na Kemia. Ubaharia na uinjinia wa meli unadai Fizikia na hesabu. Mkalimani wa Kiarabu hana haja ya kuteseka na Kemia.

Kuna somo moja ambalo ningependa wazazi wa kwetu walitazame kwa macho mawili: Teknolojia ya Bahari na Uvuvi, lililo ndani ya STEM upande wa masomo ya kiufundi. Watoto wa Amu (mji wa Lamu), Shela, Matondoni, Pate na Kizingitini wanajua bamvua na maji mafu kabla hawajajua kusoma, na hapa lipo somo linalogeuza ujuzi huo kuwa cheti. Ila usilijaze kwa mapenzi peke yake. Si kila shule inalo, na somo la kiufundi bila karakana ni daftari tupu.

Swali linalokuja papo hapo: "Na dini je?" Kwenye sekondari ya chini Elimu ya Dini ilikuwa lazima kwa kila mtoto. Gredi 10 si lazima tena. Elimu ya Dini ya Kiislamu na Kiarabu ni masomo ya kuchagua, yapo kwenye Sayansi ya Jamii. Anayechukua Fizikia, Kemia na Biolojia hatafanya mtihani wa IRE. Mzazi anayetaka vyote viwili apange mapema darsa za mtoto wakati wa likizo, asingoje kushangaa muhula wa kwanza akiona ripoti haina somo la dini.

Alama zinahesabiwaje?

Mtihani wa KJSEA wa mwisho wa Gredi 9 ni asilimia 60 tu. Asilimia 20 ilishatoka kwenye mtihani wa KPSEA wa Gredi 6, na 20 nyingine ni tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8. Kwa maneno mengine, mtoto akiingia chumba cha mtihani, sehemu ya mizigo imeshapakiwa chomboni. Kwa walio na watoto Gredi 7 sasa hivi: zile kazi za mradi mnazowafanyia nyinyi usiku ili wakabidhi asubuhi zinaingia kwenye hesabu, na mwalimu anajua kazi ya mkono wa mtu mzima akiiona.

Kila somo hupewa ngazi kati ya nane, kutoka EE1 ambayo ni alama 90 kwenda juu na ina pointi 8, mpaka BE2 ambayo ni pointi 1. Masomo ni 9, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 72. Usisimame kwenye jumla. Watoto wawili wana pointi 50 kila mmoja. Mmoja amezipata kwa Hisabati na Sayansi, mwingine kwa lugha na Sanaa. Kuwapeleka wote STEM kwa sababu "pointi zao ni sawa" ni kumwonea mmoja wao.

Zile shule 12

Kundi la kwanza, lililojaza mwaka 2025, lilitakiwa kuchagua shule 12: tisa za bweni, yaani tatu za kaunti ya nyumbani na sita za nje, pamoja na tatu za kutwa katika kaunti ndogo anayoishi. Shule zenyewe zimepangwa makundi manne, C1 hadi C4. C1 ndizo zilizokuwa za kitaifa, C4 zile za kaunti ndogo.

Mzazi hukaa wiki mbili akizipima zile sita za nje, na zile tatu za kutwa anazijaza dakika ya mwisho, "ili fomu ikubali". Huu ni upuuzi, nisameheni. Nafasi za C1 ni chache na nchi nzima inazigombea. Ya kutwa uliyoijaza bila kuangalia ndiyo mtoto anayoweza kupangiwa, na hapo ndipo kelele huanza. Anza na hizo tatu. Nenda ukazione kwa miguu yako, maana ziko karibu. Ukishajua kwamba hata mambo yakigeuka mtoto atakuwa pahali panapofaa, zile tisa utazijaza kwa utulivu.

Na usizijaze zote tisa za C1. Panga kama mvuvi anavyotega: moja mbili za ndoto, nne tano ambazo alama zake za kweli zinazifikia, mbili ambazo hata akiteleza kidogo zitampokea.

Kabla ya kuandika jina lolote, hakikisha shule ile inafundisha mchanganyiko alioutaka. Kuna orodha ya Wizara inayoonyesha, lakini orodha ni karatasi. Piga simu shuleni, omba kuzungumza na naibu wa mwalimu mkuu anayehusika na masomo, uliza hivi: "Mwanangu anataka Fizikia, Kemia na Kompyuta. Mwaka huu mna wanafunzi wangapi wa Gredi 10 kwenye mchanganyiko huo? Mwalimu wa Fizikia ameajiriwa na TSC au na bodi ya shule?" Mwalimu wa bodi anaweza kuwa hodari kuliko wa TSC, tume ya walimu ya serikali, hilo liwe wazi. Lakini analipwa kwa karo zenu, na karo zikichelewa hupata kazi kwingine katikati ya muhula. Shule inayotegemea mwalimu mmoja wa bodi kwa somo zima, somo hilo linaning'inia kwenye uzi. Kinachofuata kinajulikana: mtoto anafika, anaambiwa mchanganyiko wake "haukupata watu wa kutosha", na anahamishiwa mwingine siku ya pili, baba akiwa tayari yuko ndani ya basi anarudi Mokowe.

"Mean score yao ni ngapi?"

Namba hii, wastani wa alama za shule, inapendwa sana na inasema kidogo. Kwanza, inatokana na KCSE, mtihani wa mfumo wa zamani ambao kundi lake la mwisho litaufanya 2027. Mwanao hataufanya. Inaonyesha tu tabia ya shule: je, wanafundisha?

Pili, iulizie wenziwe. Tuseme shule moja ina wastani wa 6.6 na ilikuwa na watahiniwa 38; nyingine ina 6.2 na watahiniwa 210. Watu watakimbilia ya kwanza. Sasa uliza wangapi walipata C+ kwenda juu, daraja la chini la kuingilia shahada. Ya kwanza 17, ya pili 92. Fanya hesabu: asilimia 45 na asilimia 44. Hakuna tofauti. Na ile kubwa ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na walimu wa kila somo.

Tatu, omba ya miaka mitatu, si ya mwaka mmoja uliobandikwa getini. Na uliza idadi ya waliokuwa Form One mwaka ule ikilinganishwa na waliofanya mtihani. Shule iliyoingiza 120 na kutahini 85 ina wanafunzi 35 waliokwenda mahali. Labda walihama kwa sababu za kawaida. Labda walikuwa dhaifu, wakapunguzwa ili wastani upande.

Nenda siku isiyo na sherehe

Siku ya wazazi kila shule imepakwa chokaa. Nenda katikati ya wiki, katikati ya muhula, kati ya saa nne na saa saba. Taarifu ofisini kwanza, hiyo ni adabu na ni usalama wa watoto pia, ila taarifu asubuhi ileile.

Ukipita madarasani, hesabu yasiyo na mwalimu. Moja kati ya kumi ni kawaida, mtu anaumwa au yuko semina. Matatu kati ya kumi ni ugonjwa wa shule yenyewe.

Maabara usionyeshwe kwa mlangoni. Ingia. Fungua mfereji wa maji kwenye meza mbili tatu. Angalia kama mifereji ya gesi ina mipira, au imeota kutu ya chumvi kama chuma chochote cha pwani kisichoguswa. Kisha omba kitu kimoja ambacho hakiwezi kupakwa chokaa: daftari la mazoezi ya maabara la mwanafunzi yeyote. Hesabu majaribio yaliyoandikwa tangu muhula uanze, angalia tarehe, angalia wino wa mwalimu. Ukiona majaribio sita au saba yaliyosahihishwa kufikia wiki ya nane, shule hiyo inafundisha sayansi. Ukiona mawili, na michoro yake imenakiliwa ubaoni, basi maabara ile ni ya wageni.

Bweni ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hapa kosa haliishii kwenye alama. Septemba 2024 moto wa bweni la Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, uliua watoto 21. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unasema mambo ya kupimika: baina ya kitanda na kitanda pawe na angalau mita 1.2, njia ya katikati isipungue mita 2, milango iwe na upana wa futi 5 na ifunguke kwa nje, kila bweni liwe na mlango kila upande na wa dharura katikati, madirisha yasiwe na vyuma. Huna futi kamba? Una kanga. Upana wa kanga ni kama mita 1.1. Itandaze kwa upana kati ya vitanda viwili: ikilala vizuri na pakabaki nafasi ya nusu shubiri, pametimia. Ikikunjika, wamezidisha watoto. Kisha uliza swali moja kwa metroni, si kwa mwalimu mkuu: "Usiku mlango unafungwaje, na ufunguo anao nani?" Mlango ukifungwa kwa kufuli ya nje watoto wakiwa ndani, toka hapo na usirudi, hata kama wastani wao ni 9.

Choo kitazame mwenyewe. Kwa msichana uliza pia wanapotupa taulo za hedhi na kama maji yapo ndani ya choo au mpaka bombani uwanjani. Mtoto anayeona haya kwenda chooni mchana hanywi maji, na asiyekunywa maji kwenye joto hili haelewi anachofundishwa saa nane.

Pesa: karo ni mwanzo tu

Kwenye shule za serikali karo ya masomo hailipwi na mzazi. Serikali hutoa mgawo kwa kila mwanafunzi, uliopangiwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Kinacholipwa ni bweni na mambo yake. Viwango vya Wizara vya shule za bweni vimekuwa 53,554 kwa mwaka kwa zile za ngazi ya juu na 40,535 kwa nyingine nyingi. Malipo hugawanywa 50, 30, 20. Kwa ile ya 53,554 maana yake ni 26,777 muhula wa kwanza, 16,066 wa pili na 10,711 wa tatu. Nusu nzima inadaiwa Januari, mwezi uleule wa sare, sanduku na godoro. Kwa familia ya mvuvi, jipange mapema, maana miezi ya kusi bahari imechafuka na vyombo vingi havitoki. Pesa ya Januari iwekwe kuanzia kaskazi inapoanza kuvuma, watu wanapouza vizuri.

Barua ya kujiunga isome mstari kwa mstari. Ukikuta mchango wa basi, wa "motisha", wa masomo ya ziada au wa jengo, uliza kwa upole: umeidhinishwa na Waziri wa Elimu kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka michango ya ziada ipate idhini, na inakataza kukusanya bila risiti rasmi. Kuuliza si ugomvi. Sare pia: Wizara imekataza mara nyingi kumlazimisha mzazi anunue duka moja. Nembo na sweta huenda ukalazimika kuvipata kwao, lakini shati jeupe ni shati jeupe.

Sasa hesabu ambayo barua haina. Mtoto wa bweni husafiri mara ngapi kwa mwaka? Kufungua mara tatu, kufunga mara tatu, na mapumziko ya katikati ya muhula kwenda na kurudi mara tatu, ndiyo sita. Jumla safari 12. Kwa mtoto wa Amu anayesoma Mombasa, kila moja ni boti mpaka Mokowe, basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, kisha matatu au tuktuk ya mwisho. Zidisha nauli zote hizo kwa 12. Ukimsindikiza mara ya kwanza, ongeza yako ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala. Watu wengi wakifanya hesabu hii wanagundua kwamba ile shule "ya bei nafuu" ya mbali ni ghali kuliko ya Malindi, au kuliko bweni la hapahapa kaunti.

Anayetoka Faza, Siyu au Pate ana kipande kimoja zaidi cha safari, na hiki hakihesabiki kwa shilingi. Penye maji madogo chombo hupita maji yakijaa. Barua ya shule inasema "ripoti saa nne asubuhi", haijui kama siku hiyo maji yanajaa alasiri. Tazama saa za maji kujaa na kupwa wiki mbili kabla, na ikibidi mtoto alale Amu au Mokowe kwa jamaa usiku wa kuamkia safari. Basi la alfajiri halingoji bahari.

Kutwa au bweni?

Sina upande. Shule ya kutwa ni njema ikiwa nyumbani kuna mwanga, meza, na mtu anayejua mtoto amerudi saa ngapi. Mtoto anayefika saa kumi na moja, akachota maji, akalea wadogo, akaenda chuo cha Kurani, akalala saa tano, hasomi. Huyo anatembelea shule tu. Bweni litamsaidia. Lakini mtoto mwenye pumu, selimundu au kifafa, au aliyefiwa karibuni, nisingeharakisha kumtoa nyumbani kwa sababu ya jina la shule. Kama ni lazima aende, andika hali yake kwenye fomu ya afya bila kuficha, mpe metroni dawa pamoja na karatasi ya vipimo vyake, na uulize hospitali ya karibu ni ipi na usiku wanakwenda kwa gari gani. Mwandikishe pia kama tegemezi kwenye bima yako ya afya ya SHA kabla hajaondoka, ili siku ya kuugua mtu asianze kutafuta namba ya kitambulisho chako kwa simu.

Swala, hijabu, futari

Wazazi wengi huogopa kuuliza haya wakidhani wataonekana wakorofi. Ulizeni. Kuhusu hijabu, taka kanuni za sare kwa maandishi. Suala la hijabu shuleni lilifika mpaka Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu Januari 2019, na hukumu ile haikutoa ruhusa ya jumla kwa kila shule. Kwa hiyo jibu la "tutaona akifika" halitoshi, hasa kwenye shule zilizoanzishwa na makanisa. Nyingi zao hupokea watoto wetu vizuri. Tofauti iko kwenye shule moja moja.

Kuhusu Ramadhani, anayeingia Gredi 10 Januari 2027 atafunga miaka yake yote mitatu akiwa shuleni: mwezi utaandama karibu na 8 Februari 2027, mwisho wa Januari 2028, na katikati ya Januari 2029. Yote ni muhula wa kwanza. Basi usiulize "mnaruhusu kufunga?", kila shule itasema ndiyo. Uliza jikoni daku linapikwa saa ngapi na nani anaamka kulipika. Shule yenye utaratibu itakutajia jina la mpishi na saa. Isiyo nao itasema watoto huwekewa chakula cha usiku, nacho saa kumi alfajiri ni ugali uliokauka kwenye sahani ya plastiki.

Majina kwenye karatasi

Hili ni dogo, lakini linasumbua kwetu kuliko kwingine. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani, shule ilimwandika Athman, kadi ya kliniki inasema Othman. Binti ni Fatma, Fatuma au Fatima. Mwana, Bwana, Sharifu huingia na kutoka. Jina lililosajiliwa kwa mtihani ndilo litakalokuwa kwenye cheti, na litakuja kupimana na kitambulisho akifika 18, na maombi ya chuo. Kulirekebisha kabla ya usajili wa Gredi 9 kufungwa ni kazi ya ofisi ya shule. Baada ya hapo ni safari, viapo na ada. Chukua cheti, kaa na mwalimu mbele ya kompyuta, soma herufi moja moja kwa sauti.

Bursari

Kuna ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, kwa Lamu Mashariki au Lamu Magharibi kulingana na unakoishi, na kaunti nayo ikitangaza. Fomu hutaka barua ya kujiunga, muundo wa karo, nakala ya vitambulisho vya wazazi, matokeo, sahihi ya chifu, na cheti cha kifo kwa yatima. Hundi huandikwa kwa jina la shule, si lako. Panapoharibika ni pawili. Jina la akaunti ya shule likikosewa neno moja, benki hurudisha hundi na miezi hupita. Linakili kama lilivyo kwenye muundo wa karo. Na namba ya usajili ya mtoto ikikosekana, hundi ya watoto kumi inafika, tisa wanaingiziwa, wa kumi anarudishwa nyumbani kwa deni ambalo limeshalipwa. Piga picha fomu kabla hujaikabidhi, na muhula ukianza mwombe mhasibu risiti yenye jina la mwanao.

Akipangiwa asikotaka?

Desemba 2025 Wizara ilifungua dirisha la kubadilisha kwa siku chache, maombi yakapitia kwenye mfumo na kutegemea nafasi. Siku hizo ni chache kweli, kwa hiyo namba ya tathmini ya mtoto iwe kwenye simu yako. Usimtoe shule aliyopangiwa kabla ile nyingine haijamkubali kwa maandishi, na usiondoke bila kuhakikisha jina lake limehamishwa kwenye mfumo wa Wizara. Mtoto aliyekaa darasani shule moja na jina lake liko nyingine, mgawo wake wa serikali unakwenda kule asiko, na siku ya kusajili mtihani hapatikani.

Siku ya kuondoka, sanduku la chuma lipakwe jina lake na la shule kwa rangi ya mafuta, juu na ubavuni, maana forodha ya Mokowe siku hiyo imejaa masanduku ya buluu yanayofanana kama ndugu. Godoro lifungwe kwenye nailoni nzito kabla ya kuingia chomboni. Likilowa maji ya chumvi halikauki vizuri tena. Mtoto avae jaketi ya kuokolea, hata kama nahodha ni mjomba wake. Na kufuli iwe na funguo mbili: mmoja kwenye kamba shingoni mwake, wa pili ndani ya bahasha yenye jina, kwa metroni.